Kamba ya Mgomba Mkononi

Hapo kale, katika milima yetu, mtu aliyeuawa vitani hakuliliwa. Nasema hakuliliwa, wala sisemi watu hawakuwa na machozi. Machozi yalikuwepo, ila sheria iliyakataza. Ninyi mliozaliwa juzi mnaona watu wazima wakitembea na kipande cha kamba ya mgomba kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mnadhani ni pambo. Leo nitawaeleza kilivyofika hapo.

Kulikuwa na vijiji viwili, Vumwe juu mlimani na Mbaru chini yake. Katikati yake palikuwa na ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, yanayofunguliwa asubuhi kwenda mashambani. Babu zao walilichimba pamoja. Kisha ikaja miaka ya mvua haba, Vumwe wakaziba mlango wa maji, Mbaru wakauvunja, mtu mmoja akapigwa jembe akafa. Vita vikaanza. Vikaenda msimu wa kwanza, wa pili, hata wa tatu.

Sasa, tangu mababu, mfiwa hakuruhusiwa kushika mkuki. Aliyefiwa alinyolewa, akapakwa majivu, akakaa chini mpaka matanga yaondolewe, na muda huo wote silaha yake ililala juu ya dari. Mkuu wa Vumwe, ambaye kwa cheo aliitwa Mfumwa Mzirwa, akaona kila akipoteza mtu mmoja vitani anapoteza na ndugu zake kumi waliokaa matangani. Akatoa amri: aliyekufa vitani hana matanga. Asililiwe, watu wake wasinyolewe, wasipakwe majivu, wasikae chini. Afukiwe palepale mteremkoni, na wenzake warudi kazini.

Watu walitii. Kwa misimu mitatu hakuna aliyesikika Vumwe akisema, "Nimefiwa."

Kulikuwa na mwanamke mfinyanzi, jina lake Nakijwa, mjane mwenye wana wawili, Senzighe na Kiure. Senzighe ndiye aliyemchimbia udongo na kumbebea vyungu sokoni. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye kucheka kabla hajamaliza kisa chake mwenyewe. Siku moja ya jua kali alichomwa mshale wa shingo pale ndivani, akafa kabla ya kufikishwa kivulini.

Nakijwa alikataa mwanawe afukiwe mteremkoni. Alishuka na Kiure, wakaunga miti miwili kuwa machela, wakamfunga Senzighe kwa kamba za magamba makavu ya mgomba ili asianguke kwenye mteremko, wakampandisha nyumbani. Walimzika nyuma ya tanuri la vyungu. Hawakulia. Walipomaliza, Nakijwa alijikuta ameshika kipande kimoja cha ile kamba, urefu wa shibiri mbili hivi. Alikitazama kwa muda, kisha akanyoosha mkono wa kulia, akamwambia Kiure amfunge. Kiure akamfunga. Kesho yake yule mama alirudi kwenye udongo wake kama kawaida, akafinyanga.

Jirani akamuuliza hiyo kamba ni ya nini. Nakijwa akamjibu, "Nimefiwa na Senzighe."

Yule jirani naye alikuwa amemfukia mume mteremkoni mwaka uliopita, na tangu siku ile hakuwahi kulitaja jina lake mbele ya watu. Akakata kamba kwenye mgomba wa Nakijwa, akampa amfunge, kwa maana mkono wa kulia mtu hawezi kujifunga vizuri mwenyewe. Akasema jina la mumewe. Halafu akaenda kumwambia dada yake.

Hivyo ndivyo ilivyoenea, kwa mmoja kumfunga mwingine na kila mmoja kutaja jina. Walianza kina mama, wakafuata wajane, halafu wazee wa kiume waliozika wana wao. Baadaye hata vijana wa vita walivaa kwa ajili ya wenzao. Katika soko la bondeni, ambako wanawake wa pande zote mbili walikuwa bado wanaruhusiwa kuuziana, mwanamke wa Mbaru aliona mkono wa Nakijwa akauliza. Nakijwa alimweleza bila kuficha. Yule mama akakaa chini palepale, kando ya ndizi zake, akataja wana watatu. Soko lililofuata, wanawake wa Mbaru walikuja wamefungwa kamba mikononi.

Mfumwa Mzirwa alipata habari hizi wakati anapanga shambulio kubwa la kuimaliza Mbaru. Aliita watu wote uwanjani asubuhi, wapiganaji wakiwa na mikuki yao, akaagiza Nakijwa aletwe mbele. Akamkumbusha amri na kumuuliza kwa nini ameivunja.

"Mfumwa wangu, ulikataza kilio, sikulia," alisema Nakijwa. "Ulikataza kunyoa, nywele zangu hizi hapa. Majivu sikupaka, na chini sikukaa. Kamba hukuikataza."

"Basi naikataza leo. Ifungue."

"Hii ilimfunga mwanangu nilipompandisha mlimani. Sitaifungua. Na mwanangu huyu mwingine simtoi."

Watu waliinamisha vichwa. Mfumwa hakutaka kubishana na mama mzee mbele ya jeshi, akaamuru dawa ya vita ianze. Mpiganaji alipakwa dawa hiyo kwenye mkono wa mkuki, na bila kupakwa hakuna aliyethubutu kwenda. Mganga akainua kibuyu. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Kiure. Aliponyoosha mkono, kamba ilikuwepo.

Mganga aliirudisha dawa kibuyuni. "Huyu ni mfiwa," alisema. "Siwezi kumpaka." Akaenda kwa wa pili, akakuta kamba. Wa tatu, vilevile. Akatembea mstari mzima, na waliokuwa na mikono mitupu hawakufika hata ishirini.

Mfumwa akachomoa kisu chake, akasema atazikata zote kwa mkono wake. Hapo ndipo mkewe, Namsemba, alipotoka katikati ya wanawake. Huyu alizaliwa Mbaru, akaolewa Vumwe kabla ya vita. Kaka yake, Mbazi, alikuwa ameuawa mwezi uliopita kwa mikuki ya Vumwe, na yeye aliendelea kumpikia mumewe bila kusema neno. Alisimama mbele ya mumewe, akamnyooshea mkono wa kulia. Ulikuwa na kamba.

"Anza na hii," alisema. "Lakini kwanza taja jina la niliyemvalia."

Mfumwa alimjua Mbazi. Mbazi ndiye aliyempokea alipopeleka ng'ombe wa mahari, akamlaza nyumbani kwake siku nne, wakacheka na kula pamoja. Mfumwa akasema kwa sauti ndogo, "Mbazi. Shemeji yangu." Kisha akatazama mkono wake mwenyewe, akaelewa amesema nini. Naye alikuwa mfiwa.

Akakiweka kisu chini. Namsemba akachukua kamba nyingine aliyokuwa ameifunga kiunoni, akamfunga mumewe mbele ya watu wote. Vita vya Vumwe na Mbaru vikaishia hapo, maana jeshi zima pamoja na mkuu wake walikuwa matangani.

Watu walilia siku tatu kwa ajili ya wafu wa misimu mitatu. Siku ya nne wajumbe wa Mbaru walipanda, mikono imefungwa kamba, wakapokewa. Mlango wa ndiva ulijengwa upya, maji yakagawanywa kwa zamu, na zamu hizo tunazifuata mpaka leo.

Kuanzia hapo, kamba ya mgomba ikawa desturi yetu. Hainunuliwi wala haitiwi rangi. Hakuna ajifungaye mwenyewe, na haikatwi, huachwa ikatike yenyewe. Waliokufa vitani tunawavalia hiyo, wa kwetu na wa upande wa pili. Na pakianza kusikika maneno ya vita, hata kama hakuna aliyekwisha kufa, utaona kamba zimejaa mikononi sokoni, kanisani na msikitini. Wageni hushangaa, wakauliza mtu amefiwa na nani. Naye huwatajia jina la kijana aliye hai.