Bi Kaa na Kete ya Ishirini na Nane

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango na walitembea na funguo mifukoni, palikuwa na kisiwa kidogo sana katika Bahari ya Karibi. Kidogo kiasi gani? Jogoo akiwika upande huu, kuku wa upande wa pili walinung'unika kwamba wameamshwa.

Jumapili ya kisiwa kile ilikuwa Jumapili kweli. Hakuna aliyegusa jembe. Mbwa walicheza kriketi uwanjani. Watoto wa nyani walirusha tiara. Bata walipiga ngoma za chuma zilizotengenezwa kwa mapipa ya mafuta, ting-tang, ting-tang, na kila ua ulinukia shelisheli za kuchoma.

Lakini Jumapili moja, watoto wangu, palikuwa na mmoja ambaye hakuwa na raha hata kidogo. Huyo alikuwa Bi Filomena, kaa wa mlimani.

Kaa wa kisiwa kile waliishi mlimani, kwenye mashimo yenye ubaridi. Ila mayai yao yalipoiva, ilikuwa lazima wayapeleke baharini. Bi Kaa alikuwa ameyabeba ya kwake chini ya tumbo, maelfu, meusi kama mbegu za papai. Wenzake walikwisha kushuka tangu jana. Yeye jiwe lilimbana mguu njiani, akachelewa.

Sasa mayai yalikuwa yameanza kuchezacheza. Alijua maana yake.

"Ni leo," alijiambia, akitembea upande upande, kwaru kwaru kwaru. "Ni leo, kabla jua halijagusa maji. Jua likizama kabla sijafika, yatakauka yote. Mama wee! Nitafika kweli?"

Njia ya kushukia baharini ilikuwa moja tu, nafasi nyembamba katikati ya miamba miwili mikubwa. Bi Kaa alipochungulia pale, moyo wake ulimruka. Pu!

Katikati ya ile nafasi palikuwa na meza. Na mezani walikaa watatu: Bwana Fahali, mwenye shingo nene kama gogo; Bwana Nguruwe, mwenye tumbo lililomtangulia kila alikokwenda; na Bwana Punda, aliyenuna kabla hata hajaambiwa neno. Mbele yao kulikuwa na kete za dhumna. Kando yao, juu ya mafiga matatu, palikuwa na sufuria ya supu ya majani ya majimbi na tui la nazi.

"Beberu haji leo," Punda alikuwa akilalamika. "Kaenda kwenye mbio za mbuzi. Dhumna ya watu watatu ni dhumna gani?"

"Na supu isiyo na kaa ni supu gani?" Nguruwe akajibu.

Bi Kaa alirudi nyuma polepole. Jani kavu likalia chini ya mguu wake. Kwachu!

"Nani huyo?" Nguruwe aliruka kutoka kitini kama mwenye mabawa, na chap! ukwato wake ukatua juu ya gamba la Bi Kaa. "Ehee! Karibu, mama! Supu imejiletea yenyewe kitoweo chake!"

"Nakuombeni, mabwana zangu!" Bi Kaa alilia. "Nina mayai. Niacheni niyafikishe majini, kisha nitarudi mwenyewe. Naapa!"

"Mayai?" Nguruwe alilamba midomo. "Supu yenye mayai ndiyo tamu."

"Ngoja kwanza," Fahali akanguruma. "Maji bado hayajachemka. Bi Kaa, unajua kucheza dhumna?"

"Na... najua kidogo, Bwana Fahali."

"Basi kaa pale kwenye debe. Utacheza na Punda. Mimi nacheza na Nguruwe. Sufuria ikichemka, utaingia. Na ukishuka kwenye debe bila ruhusa yangu," aliinua ukwato wake mpana kama sahani, "utakuwa unga."

Bi Kaa akapanda kwenye debe. Miguu yake minane ikagonga bati, nge-nge-nge.

Wakagawa kete. Mchezo ukaanza.

"Sita-sita!" Fahali alibamiza kete mezani. Tapu!

"Sita-nne!" Punda. Tapu!

"Nne-moja!" Nguruwe. Tapu!

Bi Kaa aliweka yake polepole, polepole sana. Alikuwa akifikiri: nikichelewesha mchezo, nitaishi zaidi. Lakini nyuma ya Fahali aliiona bahari, hatua ishirini tu kutoka pale, na jua lilikuwa limeteremka juu yake. Chini ya tumbo alihisi mayai ya pembeni yakianza kukakamaa. Akichelewesha, mayai yatakufa. Akiharakisha, atakufa yeye na mayai yake.

Sufuria ikaanza kusema. Bu... bu...

"Cheza, mama! Unangoja nini?" Nguruwe alifoka.

"Sina, napita," alisema Bi Kaa.

Jioni ya pwani huja na usubi, wale wadudu wadogo wasioonekana ila wanauma kama pilipili. Walikuwa wamefika. Mmoja alimwuma Punda sikioni. Punda akatikisa sikio la kushoto. Fyu! Mwingine akamwuma Fahali mgongoni. Fahali akarusha mkia. Pwa! Nguruwe naye alikoroma na kukunja pua.

Bi Kaa aliwatazama. Akalitazama lile sikio. Akautazama ule mkia.

"Bwana Fahali," alisema kwa adabu, "ninyi huku pwani mna sheria nzuri za mchezo. Kwetu mlimani hatujafika huko."

"Sheria gani?"

"Hii ya kupeana ishara kwa masikio. Mwenzangu Bwana Punda ananipungia sikio la kushoto tangu tuanze, nami, mjinga wa watu, sijui ananidai kete gani. Nisamehe, Bwana Punda. Hakuna aliyenifundisha."

Fahali akaishusha kete aliyokuwa ameiinua.

"Punda," Fahali alisema taratibu. "Unampungia?"

"Mimi? Ni usubi!"

"Usubi wa sikio la kushoto peke yake?"

Punda alifura. "Na wewe je? Mkia wako! Kila ukicheza unaupiga pwa, na kila ukiupiga Nguruwe anakunja pua! Mnadhani sioni?"

"Pua yangu imeingiaje hapa?" Nguruwe akafoka.

"Imekunjwa mara ngapi? Haya, ikunje tena!"

Bahati mbaya, usubi mmoja akamwuma Nguruwe palepale juu ya pua. Akaikunja.

"Mmeona! Mmeona!" Punda alilia, hii-haa, hii-haa! "Kumbe ndiyo maana nashindwa karibu kila Jumapili! Miaka yote hii!"

"Hata mimi nilishindwa Jumapili iliyopita," Nguruwe alisema, akimgeukia Fahali kwa macho madogo. "Nilicheza na Beberu, na mkia wako ulikuwa ukirukaruka vilevile. Siku ile ulikuwa unamwambia nani?"

"Unanishuku mimi? Mimi mwenzako?"

"Kikulacho ki nguoni mwako!"

Fahali alisimama. Kifua chake kikagonga meza. Gubu! Meza ikapinduka, kete zikaruka na kutawanyika mchangani.

Bi Kaa aling'ang'ania debe lake. Sufuria ilikuwa sasa ikisema bila kupumzika: bu-bu-bu-bu!

"Hakuna kuondoka!" Fahali alinguruma. "Mwenye ishara ana kete za wizi pia. Ziokoteni, zihesabiwe!"

"Ahesabu nani? Wewe?" Punda akauliza. "Thubutu!"

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Hakuna aliyemwamini mwenzake. Tena, watoto wangu, nikiwaambia siri yao, wale mabwana watatu hawakujua kuhesabu kupita sita, kwa sababu vitone vya dhumna vinaishia sita. Na kila mmoja alilificha jambo hilo miaka mingi.

"Bi Kaa ahesabu," Nguruwe alisema haraka. "Yeye ni wa kupikwa, aibe ya nini?"

Wakazirundika mbele ya debe, naye Bi Kaa akainama, akahesabu kwa sauti kubwa, akizigusa moja moja kwa gando. Moja, mbili, tatu. Alipofika mbali kidogo akaongeza mwendo, kumi-na-tisa-ishirini-ishirini-na-moja, gando likiruka hapa na pale, mpaka akafika mwisho. Zilikuwa zimetimia, ishirini na nane.

Alijua kwamba neno lake linalofuata ndilo litakalomwua au kumwokoa.

"Ishirini na saba," alisema.

"Na zinatakiwa ngapi?" Punda aliuliza, akijifanya anajua.

"Ishirini na nane, Bwana Punda. Imepungua moja."

Lahaula! Walivyotazamana! Fahali alimfungua Punda mdomo, akachungulia mpaka kwenye magego. Punda akainua masikio ya Nguruwe. Nguruwe akamwamuru Fahali anyanyue kwato zote nne, moja baada ya nyingine. Hakuna kitu.

"Imefukiwa mchangani!" Nguruwe alipiga kelele, akaanza kufukua kwa pua.

"Acha!" Fahali alimvuta mkia. "Ukiipata utaimeza!"

"Basi chimba wewe."

"Akichimba yeye ataificha ukwatoni," Punda akasema. "Kila mtu akae alipo! Asiguse mchanga mtu!"

Wakakaa, kila mmoja akimkodolea macho mwenzake. Kisha macho yote sita yakamgeukia Bi Kaa.

"Wewe," alisema Fahali. "Kazi yako si kuchimba?"

"Ni kuchimba, bwana wangu. Lakini supu yenu? Maji yamechemka."

"Supu itangoja! Chimba!"

Bi Kaa akashuka kwenye debe. Hakukimbia, ingawa kila mguu ulitaka kukimbia. Alianza kuchimba pale pale meza ilipopindukia, kwaru-kwaru-kwaru, mchanga ukiruka nyuma yake. Akazama nusu. Akazama wote.

"Umeiona?" Fahali aliuliza shimoni.

"Naihisi! Imeteleza mbele kidogo!"

"Ifuate!"

Akaifuata. Alichimba kuelekea sauti ya mawimbi. Giza la mchanga lilimbana, na mara mbili dari ya shimo ilimwangukia mgongoni. Mayai! Aliyafunika kwa miguu ya nyuma, akachimba kwa ya mbele.

"Umeiona?" Sauti sasa ilitoka mbali.

"Bado kidogo! Lindaneni huko juu, asije mmoja wenu akaificha nyingine!"

"Tunalindana!"

Mchanga ukawa na unyevu, halafu ukawa baridi. Halafu hofu nyingine ikampata: maji yalianza kuingia shimoni, na shimo likaanza kuyeyuka juu yake. Hakuweza kurudi. Alisukuma kwa gamba, kwa magando, kwa kila alichokuwa nacho, na mara, fyaa! akatokea kwenye mwanga mwekundu.

Jua lilikuwa limeshagusa maji. Ukingo wake tu, kama mtu anayejaribu kwa kidole kabla ya kuoga.

Bi Kaa akajitupa. Wimbi likaja, akashika jiwe kwa magando yote mawili, akajitikisa. Hakuna kilichotokea. Akajitikisa tena, huku akilia. "Tokeni, wanangu! Tokeni, jamani, tumefika!"

Wimbi la pili likampiga, na hapo mayai yakapasuka, pu-pu-pu-pu, yakawa wingu dogo jeusi majini, na lile wingu likaanza kuogelea. Machache ya pembeni hayakupasuka. Aliyatazama hayo kwa muda. Kisha akawatazama wale wengine, maelfu, wakienda zao.

Kule mezani, Punda alichoka kukodoa macho. "Tugawe tulizonazo," alisema. "Atakayepungukiwa tutajua."

Akagawa mafungu manne kama kawaida yao: yako, yake, yangu, na ya wa nne. Yako, yake, yangu, na ya wa nne. Kete zikaisha. Mafungu yote manne yakawa sawasawa.

Wakayatazama kwa muda mrefu. Supu ilikuwa imekauka, inanuka moshi.

"Hakuna aliyepungukiwa," alisema Nguruwe.

"Sasa tulikuwa tunatafuta nini?" Fahali akauliza.

Walipogeuka, walimwona Bi Kaa juu ya mwamba upande wa baharini, ameloa chapachapa, mwepesi, akiupita kwa juu mwamba ambao na mzigo wa mayai hangeuweza, akirudi mlimani bila kutazama nyuma.

Ndiyo hivyo, watoto wangu: anayemchunga mwenzake kwa shaka haoni kinachompita miguuni.