Spika ya Getini kwa Mama Tusekile

Tukae vizuri. Akina mama songeni, na nyie akina baba mliojibanza karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe, leo hamtoki kabla ya sala ya kufunga. Nina kisa cha mama mmoja cha kuwapa. Msianze kugeuza shingo kutafuta anafanana na nani.

Mama huyu alikuwa mkaanga karanga. Nyumba yake mbele ilikuwa na geti la bati, nyuma uani ndiko lilikokuwa jiko. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, anaitwa Tusekile, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Tusekile. Na jina hilo lilimchoma kila alipoitwa, maana mwenye jina hakuwepo.

Aliondokaje? Aliondoka kwa mdomo wa mama yake. Walikuja washenga wa watu na barua yao ya posa, mkwe mtarajiwa ni utingo wa lori, na mama akawamwagia kila kilichokuwa moyoni, vikombe vya chai bado viko mikononi mwao. Alisema mwanawe hakuzaliwa aje kulala chini ya turubai. Binti alikusanya vikombe, akaviosha, akavipanga kabatini, kisha akachukua begi lake akawafuata wale wageni. Ile ya kuosha vikombe ndiyo iliyomtesa mama miaka yote. Angebwata, angevunja hata kimoja, ingekuwa afadhali.

Laini ya simu binti akabadilisha. Mama akabaki na karanga zake. Zile zilizoungua kidogo, alizokuwa akizipenda Tusekile, bado alizichambua akaziweka pembeni kwenye kibakuli, na jioni akazitafuna mwenyewe kwa shida. Meno yenyewe ya kuhesabu. Na mkimuuliza anamkumbuka binti yake, atawajibu kwamba yeye hana nafasi ya kukumbuka watu wasiomkumbuka. Mnawajua wamama wa namna hiyo. Wengine wamekaa hapa.

Sasa siku moja akapita mchuuzi wa mitumba anayekwenda na kurudi Tunduma. Akamwambia, Mama Tusekile, nimemwona binti yako sokoni, ana mtoto mgongoni, ameniuliza kama bado unakaa nyumba ile ile.

Basi, ni hilo tu. Hakuna salamu, hakuna ahadi. Lakini mama alilishika swali hilo kama mtu aliyeshikishwa funguo. Mtu haulizii nyumba asiyokuwa na mpango nayo, au nasema uongo? Tangu siku hiyo mikono yake ilikuwa kwenye kikaango na masikio yake yalikuwa getini. Alimjua mwanawe, sauti ndogo na kichwa kigumu. Atabisha hodi mara tatu kama alivyofundishwa. Asipoitikiwa ataondoka, na akiondoka safari hii harudi tena. Na adabu hiyo ya hodi tatu nani alimfundisha? Mama mwenyewe.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini asikae barazani akasubiri? Angekaa, na angekula nini? Karanga ziko motoni, geuza mgongo tu zimeshakuwa mkaa.

Ubaya ni kwamba ukuta kwa ukuta naye aliishi Ambakisye, kijana wa kukodisha mziki wa sherehe. Spika zake zilikuwa na kimo cha makabati, na kila asubuhi alizijaribu, na mchana alizijaribu tena, sijui alidhani zitasahau kuimba. Masufuria kwa mama yalicheza yenyewe. Mtu angebisha hodi mpaka meno yamng'oke, nani amsikie? Mama akavua kiburi chake, akaenda kwenye uzio.

"Ambakisye baba, punguza kidogo. Nasikilizia geti langu."

"Mama, kama una mgeni mwambie akupigie simu."

Alisema akicheka, hakujua alichokikanyaga. Mama akarudi jikoni kwenye karanga zake.

Mungu si Athumani wala si Ambakisye. Haukupita muda serikali ya mtaa ikaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Mtendaji akasimama na karatasi yake, akasoma sheria ndogo za kuzuia kelele. Mziki kwa kibali tu. Sauti isivuke uzio wa mwenye nyumba, iwe mchana, iwe usiku. Atakayekaidi, vyombo vinachukuliwa. Mama Tusekile alipiga makofi mpaka kitenge kikamdondoka begani. Ndipo Ambakisye akanyoosha mkono, akauliza kwa upole kabisa, na spika za ibada je? Zenyewe hazivuki uzio?

Mtendaji akakohoa. Akasema sheria ni sheria, anadhani na zenyewe zipunguzwe. Kabla hajamaliza, nani alisimama? Mama wetu.

"Wewe Ambakisye, unaweka maombi kapu moja na ngoma zako za kukata viuno? Mtendaji, andika hapo: isipokuwa ibada. Na atakayeingilia ibada ya watu, huyo naye ana kosa."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mtendaji akatutazama tulivyo wengi, akaandika. Nasema akatutazama, maana mkutano wa namna hiyo hata mimi na wewe tungekuwepo, na tungepiga makofi.

Ambakisye akafunika spika zake kwa turubai, akaanza kufuga kuku. Na mtaa ukatulia. Jamani, mama yule akasikia. Akasikia kuku wakichakura upande wa pili. Akasikia viatu vya watu barabarani akajifunza kuvitofautisha. Kila bajaji iliyosimama ilisimama kifuani mwake. Mbuzi akisugua mgongo kwenye geti, mama ameshatupa mwiko chini, anakimbia huku anajifunga kitenge upya, anafungua, anakuta mbuzi. Anamtukana mbuzi, anarudi. Hizo ndizo zilikuwa siku zake nzuri, ingawa yeye aliziona za mateso. Kumngoja mtu ukiwa na uhakika utamsikia, ni nusu ya kuwa naye.

Kisha jumuiya yake ya maombi ikapata spika mpya. Na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa maombi, na maombi ya Jumatano alasiri yalifanyika sebuleni kwake. Wakaulizana ifungwe wapi. Akasema ifungeni juu ya geti langu, ielekee barabarani, wasioomba wapate kusikia.

Mnadhani alikuwa amemsahau Tusekile? Hakumsahau hata dakika. Kwa hesabu yake, sauti ikipanda zaidi, Mungu atasikia vizuri zaidi, na mtoto atarudi upesi zaidi.

Jumatano hiyo yeye ndiye alishika maiki. Wakaimba mapambio bati zikaitikia. Halafu akaanza kuomba, na leo akaomba hasa, machozi mpaka shingoni. Akataja jina. Akasema Bwana, mrudishe Tusekile wangu, mtoe kwenye uchafu aliouendea, mvue aibu ya yule mwanamume, kata kila kilichowaunganisha. Wenzake wakaitika amina, na spika ikaitika amina mpaka mwisho wa barabara. Alipokaa chini alijisikia mwepesi. Alihisi kabisa kwamba amesikiwa.

Na alikuwa amesikiwa.

Watu walipotawanyika, alimkuta Ambakisye amesimama nje ya geti, kofia mkononi. Hakuwa na mzaha safari hii. Akamweleza kwamba alikuwa akiwapa kuku maji akasikia mtu anabisha hodi. Akachungulia juu ya uzio, akamwona mwanamke na mtoto mgongoni, na mfuko wa mchele wa zawadi. Mwanamke akabisha ya pili. Ambakisye akatoka, akaokota jiwe, akamgongea bati kwa nguvu zake zote, ndani hakuna aliyejua. Ndipo maombi yakaanza. Yule mwanamke akabaki amesimama chini ya spika, akayasikiliza yote. Hakubisha hodi ya tatu.

Mama akamshika mkono. "Sasa si ungeingia, baba? Si ungeniita?"

"Ningeingiaje, mama? Ibada haiingiliwi. Ulisema wewe, na mtaa mzima ukapiga makofi."

Mama akamwachia. Akauliza kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri kama mwanawe alisema chochote.

"Alisema nisikusumbue. Akasema, yumo ndani, namsikia vizuri, ila yeye hana haja ya kunisikia. Akafunga kanga ya mtoto vizuri, akapanda bajaji."

Mama akatoka barabarani na miguu yake mitupu. Alitazama kule zinakoelekea bajaji, na kule zinakotokea. Barabara ilikuwa kimya sana. Kila mtu kwenye mtaa ule alikuwa anatii sheria.

Mnanitazama mnataka niseme binti alirudi. Sina habari hiyo. Huyu ni mama wa mfano, na mimi nimemfikisha hapo barabarani, nimemwacha hapo makusudi, ili na sisi tusimame naye kidogo.

Maana sisi tukisomewa sheria ya kelele, wa kwanza tunayemfikiria ni jirani. Jirani apunguze. Mwenye baa apunguze, fundi wa kuchomelea apunguze, hata mtoto mchanga wa mpangaji apunguze. Zetu tunaziita ibada, tunaomba ziandikwe pembeni, na mtendaji wa watu tunamtisha kwa wingi wetu. Nani kati yetu amewahi kumuuliza jirani anasikilizia nini? Huenda kuna mgonjwa mle anayeita kwa sauti ya mwisho. Huenda kuna mtu anangoja bajaji moja tu isimame.

Na majina ya watoto wetu tunayoyatundika kwenye spika, tunamwambia nani? Mungu ni kiziwi tangu lini? Yule aliyekuwa nje ya geti ndiye alihitaji kusikia neno, na neno lenyewe lilikuwa fupi: karibu. Halihitaji umeme.

Spika yetu hiyo hapo dirishani mnaiona. Mwenye mkono mrefu aichomoe. Jumatatu mwenyekiti wa jumuiya aende kwa mtendaji, amwambie lile neno "isipokuwa" la kwenye sheria ya mtaa wetu tunaomba alifute, maana sisi wenyewe ndio tuliomba liandikwe. Wewe uliye karibu na mlango, ufungue. Sala ya kufunga itangoja. Sasa hivi tunyamaze kidogo, tusikie kama kuna mtu nje.