Cheti cha Maji ya Hoteli

Hebu niambie, mavi yakipewa cheti yanaacha kunuka?

Tajiri Makwaya alimwaga maji taka ya hoteli yake baharini, mwani uliolimwa na akina mama ukaoza. Akamwamuru Mwanatumu, mpimaji maji wa halmashauri, "Andika ni safi, au kazi huna."

"Noted, bosi. Safi ya kumwagilia bustani au ya kuogelea?"

"Ya kuogelea. Mimi si mtu wa bustani." Makwaya akakisaini cheti mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata bomba la maji taka lilikuwa limegeuzwa, linatapika kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, wageni wanaburuta mabegi getini.

"Umenimaliza, dada."

"Nimefuata cheti chako, bosi."

Wiki hiyohiyo Makwaya akaanza kujenga mtambo wa kusafisha maji taka. Na nyie waheshimiwa wa halmashauri, wa mji mzima mtajenga lini? Tupeni tarehe.