Kindi na Mlozi wa Kwao

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hapo zamani za kale, juu mlimani kwenye baridi, aliishi Kindi. Aliolewa mbali na kwao. Na desturi ya makindi ni hii: binti akiolewa, mama humpa mche wa mti wa nyumbani.

Kindi akapewa mche wa mlozi. Akaupanda. Mche ukawa mti. Ukachanua maua ya waridi, uwanja mzima ukanukia kwao. Kindi akalia kwa furaha.

Maua yakapukutika. Lozi? Hakuna.

Mwaka wa pili, maua tele. Lozi? Hakuna. Mwaka wa tatu, vilevile. Kindi akawa anaimba:

*Mlozi wa mama, mlozi wa mama,*
*maua nayaona, lozi ziko wapi?*

Siku moja Njiwa akatua. Pu! "Kindi, mama yako anakusalimu. Mlozi wake umekauka. Anasema atakuja kwako, atafune lozi kabla meno hayajamwisha."

Moyo wa Kindi, du! du! du! Akamkimbilia Nungunungu, mwotesha miche.

"Mzee, mti wangu una ugonjwa gani? Nimenusa mizizi. Nimehesabu majani!"

"Hauna ugonjwa," akasema Nungunungu. "Una upweke. Mlozi wa namna hiyo hauzai mpaka upate unga wa maua ya mlozi wa namna nyingine."

"Uongo! Kwetu ulikuwa mmoja, na ulizaa!"

Nyuki akapita, zzzz, akacheka. "Mmoja? Na ule wa Pimbi, nyuma ya ukuta? Babu zangu walikuwa wakiruka huku na huku kutwa."

Kindi akaukumbuka. Mlozi wa maua meupe, wa jirani Pimbi. Kila siku mama aligombana na Pimbi kwa ajili ya majani ya mti huo yaliyoangukia upande wa mama. "Huo si mti," mama alisema, "ni takataka." Basi nyumbani hakuna aliyeuhesabu.

"Panda wa pili," akasema Nyuki.

"Wapi? Kulia mwamba, kushoto mwamba. Uwanja wangu ni wa mti mmoja. Na jirani yangu ni upepo."

Nungunungu akamwonyesha mche mfupi kitaluni, umekwisha kuchanua, maua meupe. "Huu hauhitaji mwenzi. Unazaa peke yake."

"Peke yake kabisa? Na baridi ikizidi? Na lozi zake zina ganda gumu au laini? Na…"

"Bibi wee! Umeniuliza mpaka miba imelala! Utauchukua au huuchukui?"

Kindi akarudi nyumbani. Akaukumbatia mlozi wa mama mpaka jua likazama. Asubuhi akaukata. Ngo! Ngo! Ngo! Kila pigo, chozi. Akang'oa na kisiki chake, akapanda ule mfupi mahali pale pale.

Mvua zikaja, zikaenda. Mlozi mfupi ukachanua. Ukazaa!

Mama akafika, anachechemea. Akatazama mti. Akatazama mwanawe. Kindi akapasua lozi, kacha! Mama akatafuna polepole.

"Si ya kwetu," akasema.

Mkia wa Kindi ukalala chini.

"Ya kwetu ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni."

"Ndiyo, mama. Naukumbuka."

Wakakaa, mama na binti, kila mmoja na uchungu ule mdomoni. Kisha mama akanyoosha mkono.

"Haya, mwanangu. Nimenyee nyingine."

Wakala mpaka maganda yakawafunika miguu. Lakini hadi leo, majira ya maua yakifika, Kindi hutoka mlangoni mapema, akitafuta rangi ya waridi.

Basi wanangu, shikeni hili: mti huchaguliwa kwa uwanja ulio nao, si kwa uwanja unaoukumbuka.

Hadithi yangu nimeiacha hapo, chini ya mlozi mfupi. Mwenye meno, atafune.