Nakshi Iliyoita Wageni

Hapo zamani za mabibi wa mabibi zetu palikuwa na Sultani mpenda mapambo kupita kiasi. Siku moja akauona mkeka wa Bi Mize, msukaji wa kijiji cha Miyaani, wenye nakshi waliyoirithishana wanawake wa huko tangu kale. Ikampendeza, akaamuru ichorwe juu ya lango la kasri, kisha mbiu ikapigwa: "Nakshi hii ni ya Sultani. Akiisuka mwingine, atafungwa."

Basi Bi Mize akalia sana, kwa kuwa ndiyo riziki yake na urithi wa wajukuu zake. Akamwendea Vuai, fukara ambaye mji mzima ulimwita mpumbavu, na mji ulikosea. Vuai akafika barazani, akanena, "Bwana wangu, nakshi hii ina wenyewe."

"Na iseme yenyewe!" akacheka Sultani. "Isiposema kesho kabla ya adhuhuri, mtafungwa nyote wawili."

"Vyema, bwana. Itasema, tena kwa kelele."

Vuai akaenda Miyaani, akawaambia watu neno moja tu: "Nendeni mkalitazame lango la Sultani."

Kulipokucha wakaja, wazee kwa watoto, na maskini wa njiani nyuma yao. Hawakupiga hodi. Wakaingia, wakanawa, wakakaa mkao wa kula. Watumishi wakadhani ni wageni wa bwana wao, wakapakua. Pilau ikaisha, halua ikafuata, na wengine wangali wakiingia.

"Nani aliyewaita walafi hawa?" akafoka Sultani.

Kizee mmoja akajibu akilamba vidole, "Lango lako, mwanangu. Kwetu mkeka wa nakshi ile hutandikwa mlangoni na mwenye chakula: apitaye aingie ale, wala asiulizwe. Ahsante, mchuzi umekolea."

Vuai akainama. "Imesema, bwana. Ikiwa nakshi ni yako, basi na wageni ni wako, leo na kila siku."

Sultani akavitazama vyungu vitupu, naye hajaonja hata tonge. Aibu ikamshika, kisha kicheko kikamshinda. Akaifuta amri, akamtaka radhi Bi Mize mbele ya watu, akamvika Vuai joho lake, akasema, "Bibi, nakuomba unisukie nakshi yangu mwenyewe."

Bi Mize akasuka, akaleta. Sultani hakuutandika mkeka.

"Kwanza niambie, bibi, huu wasema nini?"

"Wasema, mwenye nyumba hii siku hizi huuliza kwanza."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka. Nami mkeka wangu naukunja hapa. Atakaye mwingine, na asuke wake.