Kikohozi Nyuma ya Mabati

Tulieni, wakubwa kwa wadogo, kisha mtanipa hukumu. Bibi Sifa alikuwa na sikio. Byamungu alikuwa na kichwa kigumu. Nesi Nekesa alikuwa na kalamu.

Katika Mtaa wa Kokoto waliishi wageni kutoka Kongo na Burundi, wavunja mawe, walao vumbi kutwa. Lakini kwenye ramani ya kliniki, ambako kila mgonjwa wa kifua kikuu ni pini nyekundu, Kokoto ilikuwa safi. Ziro. Mabwana wa afya wakapiga makofi kwenye semina zao! Kumbe fomu ilidai namba ya kitambulisho, nao hawana. Daftari lolote likiingia mtaani, walidhani ni la polisi. Walitafuna tangawizi wakabana vikohozi hadi machozi yakawatoka.

Feza, mjamzito, alibana kuliko wote. Alikuwa anakufa kimyakimya.

Bibi Sifa alipita nje ya kibanda chake cha mabati, akamsikia akikoholea ndani ya blanketi. Kikohozi kimoja tu, akajua kina miezi mingapi. Akaenda kumwambia nesi. Majirani wakamwita msaliti, wakaacha kumsalimu.

Nesi alipofika, milango ilifungwa yote. Byamungu, mvunja mawe, akatoka peke yake, akakohoa wazi, akatema makohozi kwenye kikopo na kukiinua juu.

"Muniandike. Sina karatasi, niko na kifua. Wakinirudisha kwetu, basi."

Kisha mlango mmoja ukafunguka. Wa pili. Wa kumi. Feza akatoka ameshika ukuta.

Fomu ilipodai namba ya kitambulisho, Nekesa akaandika namba ya mlango. Watu arobaini na mmoja, dawa ya miezi sita. Bosi akamtimua kwa "kuharibu data". Lakini pini zilishachomekwa, na watu walikuja kuitazama tu ile ramani, midomo wazi: Kokoto nzima nyekundu, hatimaye ipo duniani.

Feza akapona, akazaa binti mwenye mapafu ya tarumbeta. Ukoo wao humpa mtoto jina la aliyemwokoa mama. Moja tu.

"Bila sikio langu mngemzika," akasema Bibi Sifa.

"Sikio lilifungua mlango gani, bibi?" akajibu Byamungu.

Nekesa, bila kazi, hakubishana. Aliomba kumpakata mtoto tu.

Kadi ya kliniki ipo mezani, mstari wa jina mtupu, na mmeona asiyeandikwa anavyoishi. Haya, kalamu ni yako. Ungeandika nani?