Mtoto Aliyevuliwa Jina

Hapo zamani, ingawa si mbali sana, maana malori yalikuwa yameshaanza kupita, kijijini Kwemsala alizaliwa mtoto wa kike. Mama yake aliitwa Sikudhani, mke mdogo wa Mhina. Siku ya saba Mhina akampa mtoto jina la mama yake mzazi, Mwamvua. Na huyo Bibi Mwamvua alikuwa hai, tena ndiye mkunga wa kijiji kizima! Watu walikula wali, wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Mtoto alipofikisha miezi miwili, ufizi wake wa juu ukaanza kuvimba. Kwanza kama kunde. Baada ya wiki mbili kama zambarau, na rangi ya zambarau vilevile, nyeusi inayong'aa. Mdomo ukainuka, titi halishikiki, mama akawa anakamua maziwa na kumnywesha kwa kijiko. Kisha asubuhi moja, lo! Juu ya uvimbe ule likachomoza jino.

Jino la juu! Tena la kwanza! Mnajua wenyewe watu walivyosema. Kigego! Kwa desturi ya kale kigego hakuachwa akaishi, eti atamaliza ukoo. Serikali ilikuwa imeshapiga marufuku, lakini woga haukusoma tangazo.

Mhina akaja, akaliona jino.

"Jina la mama yangu halikai juu ya kigego," akasema. "Nalivua. Kuanzia leo huyu hana jina."

Akaenda kuwaita wazee wa ukoo. Wakaja, wakajaa uani. Wakamwambia Bibi Mwamvua, "Mkunga, tazama, utuambie."

Bibi akamfungua mtoto mdomo. Jino akaliona, jeupe, wazi kabisa. Lakini akaugusa na ule uvimbe kwa kidole, akaupapasa, na moyoni akajua: hii si laana, huu ni ugonjwa. Akasimama.

"Sikuona jino. Nimeona jipu."

"Apa!"

"Naapa. Kama nasema uongo, mikono hii isipokee mtoto mwingine."

Akaapa uongo, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima! Wazee wakatazamana. Wakaondoka shingo upande, wakisema watarudi baada ya siku tatu, jipu likishatumbuka, kujionea wenyewe.

Siku tatu tu! Na Sikudhani alikuwa hoi kwa homa, hata kusimama hawezi. Nani atampeleka mtoto hospitali ya mjini, kama Bibi alivyowanong'oneza? Akajitokeza Mwanjaa, mke mkubwa wa Mhina, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto.

"Nipe nimpeleke, mwenzangu."

Sikudhani akalia. "Akifia mikononi mwako, watasema umemroga kwa wivu."

"Waseme. Nipe."

Akaenda. Akafika mtoni, akakuta mto umefurika na daraja la magogo limesombwa. Mwanjaa alikuwa na beseni la bati. Akamlaza mtoto ndani, akajitwika, akaingia majini. Maji ya magoti. Maji ya kiuno. Maji ya kifua. Maji ya kidevu! Mtoto juu analia, yeye chini anambembeleza kwa wimbo. Akatokea ng'ambo amelowa, akasimamisha lori la machungwa, akapanda juu ya machungwa, huyo mjini!

Hospitalini karani akauliza, "Jina la mtoto?"

"Hana."

Karani akainua macho. Mwanjaa akasema, "Andika mtoto wa Sikudhani."

Daktari wa meno na taya alikuwa binti wa Kihaya, Kokusima, ambaye hakuwa na hata mwaka kazini. Mkubwa wake akapita, akachungulia, akasema, "Ng'oa hilo jino, warudi kwao."

"Samahani, mzee. Naomba nikate kinyama kidogo kipimwe kwanza."

"Unapoteza muda. Kukitokea neno, utajibu mwenyewe."

"Nitajibu."

Akakata, akapeleka, akawakimbiza wapimaji kila saa. Majibu yakaja. Kokusima akaketi kando ya Mwanjaa, akamshika mkono.

"Dada, mtoto akiwa tumboni, zipo chembe zinazozaa neva, nazo husafiri kwenda kujenga uso. Za huyu nyingine zimeotea kwenye taya. Uvimbe unakua mbio, unakula mfupa, na ndio uliolisukuma jino nje kabla ya wakati. Hakuna aliyemroga. Hakuna kigego hapa."

"Atapona?"

"Tukiutoa wote, na mfupa kidogo wa pembeni. Nimeusoma kitabuni. Kwa macho yangu, huu ndio wa kwanza."

Wakaingia chumba cha upasuaji. Uvimbe ukatoka mzima! Lakini damu nayo ikatoka, haizuiliki. Muuguzi akatoka mbio: "Damu! Nani ana damu ya kufanana?" Ya Mwanjaa ikapimwa, ikakataa.

Mara mlangoni akasimama mtu, matope mpaka kiunoni. Mhina! Alikuwa amewafuata njia nzima. Alifuata kumrudisha mtoto kwa wazee, au alifuata kwa kujuta? Mpaka leo hajasema. Akasikia neno damu, akakunja mkono wa shati. Ikapimwa, ikakubali! Ikatiririka kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na mtoto akarudi duniani.

Bibi Mwamvua alipopata habari alisimama mbele ya wazee, akakiri: "Jino nililiona." Na kiapo chake akakishika. Wajawazito walimwita, naye alijifungia ndani akilia, hakwenda.

Mwaka ukapita. Daktari Kokusima akafunga safari mpaka Kwemsala, kwa kuwa uvimbe wa namna ile huweza kurudi. Akatazama ufizi: safi! Ngoma zikalia, sufuria zikapanda. Wazee, kwa aibu, wakasema, "Mtoto hana jina. Sikudhani, chagua wewe mtu mmoja wa kumpa jina."

Bibi Mwamvua akasema, "Nimeuza ukunga wangu kwa ajili yake. Nisingesema uongo, mngekuwa na kaburi, si sherehe."

Mwanjaa akasema, "Uongo wako ulimpa siku tatu, Mama. Mimi ndiye niliyemvusha mto, na uchawi ningesingiziwa mimi."

Kokusima akasema taratibu, "Mngemvusha mito saba, uvimbe ungebaki palepale. Nami niliambiwa ning'oe jino tu."

Mhina alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilimkosea, sikatai. Lakini mimi ni baba, na damu inayotembea ndani yake ni yangu."

"Ulimvua jina!" wanawake wakapiga kelele.

"Na damu je?" wanaume wakajibu.

Uani pakachafuka, kila mtu na wake. Sikudhani akampakata mwanawe, akawatazama wote wanne, mmoja baada ya mwingine.

Haya, ninyi mlionisikiliza, msaidieni mama huyu. Bibi aliyeapa uongo, mke mwenza aliyevuka mto, daktari aliyekata, au baba aliyemkana kisha akampa damu: je, nani alistahili kumpa mtoto jina?